Uchungu si "angry" tu: kuchagua neno la Kiingereza kwa hisia kali

Makala hii imetokana na kozi ya Msamiati wa Kiingereza ninayoifundisha katika mwaka wa pili wa lisansi. Naiandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Kwa kawaida msamiati huu tunaufundisha kwa kupitia Kifaransa, na nitaonyesha hapa chini kwamba njia hiyo ndiyo inayotupoteza mara nyingi, hasa neno linapogusa moyo wa mtu.

Niliwapa wanafunzi sentensi moja waitafsiri: "Waliponiletea habari ya mtoto, nilisikia uchungu sana." Nilipokusanya makaratasi nilikuta majibu ya aina nne. Wengine waliandika "I was very angry". Wengine "I felt a lot of pain". Kundi la tatu "I was very bitter", na waliobaki "I was very sad". Sarufi ya sentensi zote nne ni safi, hakuna pa kupiga mstari mwekundu. Lakini mtu wa kila sentensi ni tofauti na mwenzake. Mwenye "angry" ana mtu anayemlaumu. Mwenye "pain" ataulizwa na Mwingereza anaumwa wapi, na pengine ataletewa dawa. Mwenye "bitter" ni mtu aliyeweka jambo moyoni kwa miaka na sasa haoni jema kwa yeyote. Mwenye "sad" ana huzuni ya kadiri, na neno lake ni lile lile ambalo Mwingereza analitumia akiona filamu imeisha vibaya. Mama aliyepewa habari ya mtoto wake hayupo katika hata moja ya sentensi hizo.

Hoja yangu ni kwamba katika Kiingereza neno la hisia kali halipimi ukali peke yake. Linasema pia kama kuna mtu aliyekosa, hisia hiyo imekaa muda gani, inaonekana nje au imefichwa ndani, na kama mwenye hisia ana haki ya kuwa nayo. Anayechagua neno ametoa hukumu kabla ya hakimu. Ndiyo maana mzigo huu haubebwi kwa kuongeza "very".

Jambo hili lina uzito kwetu kuliko kwa wanafunzi wa Kiingereza wa mahali pengine. Wahitimu wengi wa idara yetu hawaendi kufundisha mashairi. Wanaajiriwa na mashirika ya misaada, wanawafuata wachunguzi vijijini, wanakaa kati ya mkimbizi na afisa anayeandika habari zake. Kesi ya Thomas Lubanga ilipofunguliwa The Hague mwezi wa Januari 2009, Kiswahili cha Kongo kilisikika katika mahakama ya kimataifa, na waliokuwa wakisikiliza kwa Kiingereza walivaa vifaa masikioni. Hakimu asiyejua Kiswahili hamsikii shahidi, anamsikia mkalimani. Na tangu nchi yetu iingie katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Kiingereza kinatafutwa hata na wafanyabiashara waliokuwa wakikicheka.

Turudi kwenye uchungu. Wanafunzi walioandika "angry" hawakuota. Kwetu uchungu unabeba huzuni na hasira pamoja. Mtu akisema "nina uchungu na huyo bwana", amekasirika. Akisema "nina uchungu wa baba yangu", yuko kwenye kilio. Mama akishikwa na uchungu, mwite mkunga. Na majani ya muhogo yasiyopikwa vizuri yanaweza kuwa na uchungu, bila kosa la mtu isipokuwa mpishi. Neno moja, na msikilizaji anajua maana kwa kuangalia uso wa msemaji na kusikia linalofuata.

Kiingereza nacho kilianza hivyo hivyo. Neno "anger" waliliazima kutoka kwa watu wa Skandinavia waliohamia Uingereza, na katika lugha ile ya zamani "angr" ilikuwa taabu, huzuni, majonzi. Hata lilipoingia katika Kiingereza lilibeba maana ya mateso kwanza, na hasira ilikuja kulitawala baadaye. Ndugu zake wa mbali ni "anguish" na "anxious", nao wote wanatoka kwenye mzizi mmoja wa kale wenye maana ya kubana, wembamba, kukaba. Kwa hiyo babu wa Mwingereza alisema kitu kilicho karibu na uchungu wetu, na wajukuu wakaligawa neno katika vipande. Leo "anger" amebaki upande wa hasira, na kwa huzuni ya kufiwa wanatumia "grief", neno walilolipata kwa Wafaransa, lenye asili ya uzito, kulemewa.

Kama mtu anadhani mchanganyiko wa huzuni na hasira ni jambo la lugha zetu za Kiafrika tu, asome habari za Renato Rosaldo, mwanaanthropolojia wa Marekani. Yeye na mke wake Michelle waliishi na Wailongot wa Ufilipino. Wanaume wa kule walikuwa wakimwambia kwamba hasira inayozaliwa na msiba ndiyo iliyokuwa ikiwasukuma kwenda kukata vichwa vya watu. Yeye aliona maelezo hayo ni mepesi mno, akatafuta nadharia iliyo na kina zaidi. Mwaka 1981 Michelle aliteleza katika njia ya mlimani huko Ufilipino, akaanguka na kufa. Mume alipomwona alijikuta ana hasira kali pamoja na kilio, na baadaye aliandika kwamba hapo ndipo alipoelewa walichokuwa wakimwambia. Michelle mwenyewe alikuwa amekwisha kuandika, katika kitabu chake cha 1980, juu ya neno "liget" la Wailongot, linalochanganya hasira, nguvu na hamu ya kutenda. Anna Wierzbicka, mtaalamu wa isimu aliyezaliwa Poland na kufanya kazi Australia, ameshikilia kwa miaka mingi kwamba maneno ya Kiingereza kama "anger" na "sadness" si mizani ya binadamu wote. Ni maneno ya Kiingereza. Kitabu chake cha mwaka 1999 juu ya hisia katika lugha na tamaduni kinafaa kusomwa na kila anayeandika memwari yake juu ya tafsiri.

Sasa, ikiwa Mwingereza amegawa uchungu katika vipande, lazima tujue vipande vyenyewe. Nianze na vya upande wa hasira, kwa kuwa hapo ndipo lawama inapokaa.

"Angry" ni neno la kati. Halisemi kama mtu ana haki ya kukasirika. "Furious" linapanda juu: hasira imewaka na inaonekana, mtu anapiga meza. "Enraged" linaongeza kwamba kuna kitu kilichomfikisha hapo, na kwamba karibu ameshindwa kujitawala. Mzizi wake, "rage", ni neno ambalo katika Kifaransa hadi leo ni ugonjwa wa mbwa mwenye kichaa. Kwa hiyo usimpe mkulima aliyedhulumiwa shamba neno "enraged" kama hujui analitaka, maana unamkaribisha msikilizaji kumwogopa mkulima badala ya kumwonea huruma.

"Indignant" na "outraged" ni hasira ya mwenye haki. Anayesema "I was outraged" anadai kwamba sheria au utu umevunjwa, na kwamba mtu yeyote mwema angekasirika kama yeye. (Wengi wanadhani "outrage" limetokana na "out" na "rage" yakiunganishwa. Sivyo. Ni neno la Kifaransa cha zamani lililojengwa juu ya "outre", kupita mpaka. Ila Waingereza wenyewe wanaisikia "rage" ndani yake, na sikio likisisitiza hivyo maana nayo inafuata.) Wanakijiji wanapolalamika kwamba dawa za kituo cha afya zimeuzwa sokoni, na sauti zao zimepanda, "outraged" linawatendea haki. "Furious" linaonyesha makelele yao tu.

"Resentful" ni hasira iliyomezwa. Haina kelele, ina kumbukumbu. Karibu nalo liko "bitter", na hapa naomba tusimame, kwa sababu ndilo neno linalotega mtego mkubwa. Kamusi itakuambia uchungu ni "bitterness", na kwa kahawa isiyo na sukari ni kweli. Mwingereza pia anatumia ladha hiyo kwa moyo, kama sisi. Lakini "bitter" ya moyo ni kinyongo. Ukisema "she is bitter", unasema mama huyo amekataa kusahau, na kuna harufu ya lawama juu yake mwenyewe: angeweza kuliacha jambo hili, hakuliacha. Afisa anayesoma ripoti yako ataanza kujiuliza kama ushahidi wake hautokani na chuki ya zamani. Yote hayo yametoka kwenye herufi sita. Walakini neno hilo hilo likitumiwa kama kielezi linapona: "bitterly disappointed", "she wept bitterly". Hapo halina lawama, lina ukali tu.

Kwa upande wa pili kuna "upset", neno dogo ambalo wanafunzi wanalidharau. Asili yake ni kupinduliwa, kama sufuria. Mtu aliye "upset" anaweza kuwa na huzuni, hasira, au vyote viwili, na neno halimlazimishi kuchagua. Kwa sababu hiyo ndilo linalokaribia uchungu wetu kwa upana. Kasoro yake ni udogo: mtoto aliyenyang'anywa biskuti naye yuko "upset". Kwa mama wa sentensi yetu lingekuwa tusi. Kwa jirani aliyepitwa bila kusalimiwa, lichukue bila wasiwasi.

Nimesema Kifaransa kinatupoteza. Hakitupotezi sikuzote. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, maelfu ya maneno ya Kifaransa yaliingia katika Kiingereza, na kwa kila moja mwanafunzi wa Kongo ana faida asiyokuwa nayo mwenzake wa Dar es Salaam. Lakini maneno ya hisia yametembea sana tangu hapo, kila moja na njia yake.

Mfano ulio hatari kuliko yote ni "déçu". Mwanafunzi anataka kusema watu wamevunjika moyo, anafikiri kwa Kifaransa "la population est déçue", na mkono wake unaandika "the population is deceived". Maneno haya mawili yana mzazi mmoja wa Kilatini. Hata hivyo "deceived" maana yake ni kudanganywa. Hebu msomaji ajiwekee picha ya mkutano: chifu anasema kwa upole kwamba wananchi walitegemea daraja lingemalizika kabla ya mvua, nao wamevunjika moyo. Mkalimani anatamka "deceived". Mhandisi wa shirika anasikia kwamba ameitwa mwongo mbele ya watu. Kilichotakiwa ni "disappointed", na kama ni kali, "bitterly disappointed" au "deeply disappointed", wala si "very deceived".

Wengine wa ukoo huo nitawapitia kwa haraka zaidi. "Énervé" ni mtu aliyeudhika, "enervated" ni mtu aliyeishiwa nguvu, kama baada ya malaria, kwa hiyo andika "annoyed" au "irritated". "Chagrin" ya Kifaransa ni huzuni, hata ya mapenzi. "Chagrin" ya Kiingereza ni kuudhika pamoja na aibu ndogo kwa sababu jambo lako limeshindikana mbele ya watu. Usimwandikie mjane neno hilo. "Livide" ya Kifaransa ni mtu aliyepauka, pengine kwa hofu. "Livid" ya Kiingereza ni mtu aliyekasirika kupita kiasi. Yote mawili yanatoka kwenye rangi ile ya Kilatini ya mwili uliovilia damu, kila lugha ikachagua kivuli chake. "Désolé" ni pole au samahani, "desolate" ni upweke wa mtu aliyeachwa peke yake duniani. Na "formidable" ambayo Mfaransa anakusifia nayo, kwa Mwingereza bado ina hofu ndani yake: mpinzani "formidable" ni wa kuogopwa.

Kuna jambo la sarufi ambalo sijaliona katika silabasi zetu, nalo naliona kuwa zito kuliko orodha yoyote ya maneno. Katika Kiswahili hisia mara nyingi ndiyo mtendaji. Hasira zilinipanda. Woga uliniingia. Huzuni ilinijaa. Uchungu ulinishika. Mtu ni mahali ambapo jambo limefika. Kiingereza cha darasani kinamgeuza mtu kuwa kiima: "I got angry", "I was afraid". Tofauti inaonekana ndogo mpaka uiweke kinywani mwa mtu anayeulizwa maswali. "Hasira zilinipanda, nikamsukuma" si sawa na "I got angry and pushed him". Katika ile ya kwanza msemaji anasimulia kitu kilichomjia. Katika ya pili amekiri.

Kiingereza kina njia ya kulinda umbo letu, ila wanafunzi hawaitumii kwa sababu mifano ya vitabu vyao inaanza na "I am". Ziko "rage came over me", "grief overwhelmed me", "fear gripped me", "panic seized us". Tazama vile "gripped" na "seized" yanavyokaa karibu na kitenzi chetu kushika. Au, kama unataka mtu abaki kiima, tumia "overcome": "she was overcome with grief", "he was overcome by rage". Mtu yupo mwanzoni mwa sentensi, lakini ameshindwa na kitu. Zoltán Kövecses, mtaalamu kutoka Hungaria, ameandika mengi juu ya sitiari hizi. Yeye na George Lakoff walionyesha kwamba Mwingereza anaizungumzia hasira kama kitu cha majimaji kinachochemka ndani ya chombo kilichofungwa: "boil", "simmer", "blow up", "let off steam". Sisi pia damu inatuchemka na mtu analipuka, basi katika picha hiyo hatuna haja ya kuhangaika, tafsiri itapita yenyewe. Picha zisizopita ni za kupanda, kwa kuwa hasira ya Mwingereza ikipanda haimpandii mtu, inapanda ndani yake.

Kwa wenzetu wa mwaka wa kwanza niongeze jambo dogo. Kitenzi kusikia huku kwetu kinafanya kazi mbili: tunasikia sauti, na tunasikia haya, furaha, njaa, uchungu. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo. "I heard a great joy" ni sentensi ya malaika, siyo ya mtu. Andika "felt".

Haya. Hilo nalo ni neno ambalo kamusi inalipunguza. Inakupa "shame", na mwanafunzi anaandika "I was ashamed". Lakini "ashamed" katika Kiingereza inaangalia ndani: mimi nimefanya, au mimi nimekuwa, kitu kisichofaa. Sasa mama anamweleza mchunguzi kwamba askari walimvua nguo mbele ya watoto, na anamaliza: "Nilisikia haya sana." Yeye hakufanya kitu. Ukimwandikia "I was very ashamed" umeigeuza aibu, umeitoa kwa askari na kumtwisha yeye. Neno linaloonyesha kwamba mtu ameshushwa na mwingine ni "humiliated", na liko wazi: kuna aliyefanya na kuna aliyefanyiwa. Wengine watachukua "embarrassed" kwa kuwa linafanana na Kifaransa. Hilo ni la mtu aliyesahau jina la shemeji yake. Lakini pia isiwe kanuni ya kukariri. Wapo waathirika ambao kweli wanajilaumu, hata kama hawana kosa, na wanataka hilo lisikike. Hapo "ashamed" ndilo neno lao, na hatuna ruhusa ya kuwasahihisha. Mkalimani mwenye nafasi ya kuuliza aulize: haya gani, mama? Aliyekosa nafasi asikilize kama shahidi ametumia kitenzi cha kutendwa, niliaibishwa, nilifedheheshwa. Kiswahili kwa kawaida kimekwisha kutoa jibu ndani ya sentensi.

Juu ya msiba wenyewe, maneno ya Kiingereza ni machache kuliko inavyodhaniwa, na yana mipaka mikali. "Grief" ni uchungu wa ndani wa kufiwa. "Mourning" ni upande wa nje, matanga, nguo, siku zilizopangwa. Mtu anaweza kuwa katika "mourning" bila "grief", kama tulivyokwisha kuona kwenye matanga fulani. "Bereaved" ni hali yenyewe ya kufiwa, ni neno la karatasi na la ofisi, halielezi machozi. "Heartbroken" ni la mapenzi na la msiba pia. "Devastated" linatokana na kuharibu nchi nzima, kama jeshi linavyoacha mji ukiwa mtupu. Miaka hii Waingereza wamelitumia hata kwa mchezaji aliyekosa penalti, lakini bado lina nguvu likiwa mahali pake. Kwa sentensi ya mama wa mwanzo mimi napendekeza "I was overcome with grief", na kama muktadha umeonyesha kwamba mtoto ameuawa na mama ana mtu wa kumlaumu, basi tusione haya kutumia maneno mawili kwa moja: "I was overcome with grief and anger". Kuna walimu wanaosema tafsiri nzuri haiongezi maneno. Kanuni hiyo inafaa kwa mashairi pengine. Lugha iliyogawa kitu kimoja katika vipande viwili inakulazimisha kuvirudisha vyote viwili.

Kwenye kilio kuna pia "pole". Mwingereza hana neno hilo, ana "sorry", linalofanya kazi ya pole na ya samahani. Nimewahi kuulizwa na mwanafunzi kwa nini mgeni alimwambia "I'm so sorry" kwa kifo cha babu yake, kana kwamba alihusika. Hakuhusika. Katika maandishi, ongeza "for your loss" na shaka inaondoka. Na kwa wapenda asili ya maneno: "sorry" na "sorrow" si ndugu, ingawa sasa yanafanana kama mapacha. La kwanza linatoka kwenye neno la kidonda, "sore".

Hofu haina matatizo mengi. "Afraid" na "scared" ni za kati, "terrified" ni ya juu, "petrified" ni ya mtu aliyegeuka jiwe, maana ndiyo asili yake ya Kigiriki. Tumia hilo la mwisho kwa mtu aliyeshindwa kukimbia, usilitumie kwa aliyekimbia. "Dread" ni hofu ya jambo ambalo bado halijafika, na watu wanaosubiri usiku katika kijiji kilichowahi kushambuliwa wana hilo, hawana "panic". Kosa linalojirudia ni la viambishi: "I am terrifying" kwa maana ya nimeogopa. Kiswahili kinaweza kukusaidia: anayeogopa ana "-ed", anayeogopesha ana "-ing". Wivu una jambo moja tu: "jealous" linaweza kuwa la mwenye kitu anayeogopa kunyang'anywa, "envious" ni la mwenye kijicho juu ya kitu cha mwenzake.

Juu ya "very": maneno yaliyokwisha kufika kileleni hayalipendi. "Very angry" ni sawa, "very furious" inasikika vibaya. Kilele kinataka "absolutely" au "utterly", au kiachwe peke yake, na mara nyingi kikiachwa peke yake kina nguvu zaidi. Jihadharini pia na vitabu vya visawe. Daktari Peter Mark Roget alipochapisha Thesaurus yake London mwaka 1852 aliyapanga maneno kwa makundi ya mawazo ili mwandishi anayeijua lugha akumbuke neno analolitafuta. Mgeni anayechagua humo kwa kufumba macho atamfanya mjane awe "livid".

Furaha naiacha kwa leo, isipokuwa mambo mawili. "Terrific" ilizaliwa ndani ya hofu, leo ni sifa nzuri tupu. "Terrible" ni dada yake na imebaki kuwa mbaya, hata kama vijana wa Kifaransa wanasifu muziki kwa neno hilo. Na "mad": kwa Mmarekani ni hasira, kwa Mwingereza kwa kawaida ni wazimu. Mwajiri wako anatoka wapi, uliza kwanza.

Zoezi la wiki mbili zijazo ni sentensi tatu. Ya kwanza: "Waliponinyima cheti mbele ya wenzangu, nilisikia haya mpaka nikalia." Ya pili: "Uchungu ulimshika alipoona aliyemuua ndugu yake anatembea sokoni." Ya tatu: "Alipofika akakuta nyumba imechomwa, aliketi chini na hakusema neno siku mbili." Mtafsiri kila sentensi mara mbili, mara moja kama dada anavyomsimulia dada yake, mara ya pili kama itakavyosomwa mahakamani. Katika sentensi ya tatu hakuna neno la hisia hata moja. Naomba tafsiri zenu nazo zisiwe nalo.